Mtoto Hakumchokoza Yule Kima

Mtoto hakumchokoza kima. Nataka hilo litangulie, kwa sababu majirani zangu wa Kawangware wamekaa muda mrefu wakiamini kwamba alimchokoza, na maneno hayo waliyapata kwangu. Kima alimng'ata kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kwamba mkono wa mtu ukinyooshwa una njugu. Mtoto naye nilikuwa nimemwambia kwamba akinyoosha mkono, kima atamjia. Siku walipokutana, njugu hazikuwapo. Mtoto akaumia, na nilipoulizwa kilichotokea, nikasema uongo.

Yalitokea Arboretum, ile bustani ya miti iliyo kando ya State House Road, jiji linapoacha ofisi zake na kuanza kuwa Kileleshwa na Kilimani. Kwa mtu anayefanya kazi katikati ya Nairobi kama mimi, sijui matembezi mepesi kuliko hayo. Unavuka Uhuru Highway, unapita mabweni ya chuo kikuu, unapanda taratibu, na kabla ya saa moja kwisha uko chini ya miti. Ndani kuna njia ambazo bibi mwenye magoti mabovu anazimudu, na mtoto anaweza kukimbia bila mama yake kushika roho. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi, lakini ukishuka hadi bondeni unasahau kwamba ng'ambo ya ua kuna magari.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, injini zilikuwa zinakula kuni, na misitu ya asili ilikuwa inakatwa ili kuzilisha. Afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akapewa nafasi pale kujaribu miti ya kigeni, aone ni ipi ingekua haraka. Ndiyo maana leo mikaratusi kutoka Australia imesimama karibu na mugumo wetu, na aina za miti zimepita 350. Miti ile ilipandwa kwa mpango. Kima na tumbili hawakuletwa na yeyote. Walijitafutia maisha humo, wakala matunda, majani machanga, maua na wadudu, wakazaa, wakazeeka. Walijiweza bila mtu kuwapa kitu mkononi. Nalitaja hili kwa sababu baadaye nilijitetea kwa kusema kwamba walinihitaji.

Nilianza kwa kununua njugu kwa mchuuzi, zile zinazofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa, nizile nikitembea. Jumamosi moja niliketi kwenye benchi na kima jike akateremka, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Kima wa pale ana koo jeupe kana kwamba amevaa kola, na macho ya rangi ya chai. Alinitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Nikamtupia njugu. Akaichukua kwa vidole, akaimenya, akaitia shavuni. Nikatupa nyingine karibu yangu zaidi. Kufikia mwisho wa pakiti alikuwa anachukua kutoka kiganjani mwangu, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa baridi na laini. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata siku nyingi.

Ni lazima niseme ilikuwa furaha ya nini. Wanangu walikuwa wamekua na kuhama. Kazini nilikuwa mtu wa faili. Watu walinijia wakitaka muhuri, wakiupata wanaondoka. Pale Arboretum kiumbe wa porini aliteremka mtini kwa ajili yangu. Sikumpa njugu kwa sababu ana njaa. Nilimpa kwa sababu nilitaka anichague, kisha nikauita upendo. Ningeulizwa wakati huo, ningeapa kwamba hakuna mtu Nairobi anayewapenda wanyama kuliko mimi.

Nikawa naenda kila Jumamosi ninayoweza. Nikaanza kupiga mluzi kabla ya kufungua karatasi, na baada ya muda mluzi peke yake ukatosha: matawi yanatikisika, wanateremka, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Nikaanza kupeleka vijana wa kanisani na watoto wa jirani. Wazazi walinishukuru kwa kuwatoa watoto kwenye simu na televisheni. Mimi ndiye niliyewaonyesha watoto namna ya kunyoosha mkono: kiganja wazi, vidole pamoja, usiogope. Wakipigwa picha na kima begani, sifa zilikuwa zangu.

Nilionywa. Mabango yapo, na yameandikwa kwa herufi ambazo hata asiyependa kusoma anaziona. Askari mmoja wa pale, mwanamume mtaratibu, alinijia na kusema, "Mama, hawa si wanyama wa kufuga. Wewe ukienda nyumbani, sisi ndio tunaobaki nao." Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenzake asiyeelewa. Nilimwambia atazame maghorofa ya Kileleshwa na Kilimani, bustani za nyumba za zamani zilivyong'olewa ili watu wapate roshani. Nilimtajia Msitu wa Ngong Road, uliokuwa na zaidi ya hekta 2,900 ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na leo haufiki nusu ya hizo, na barabara ya Southern Bypass imeupasua. "Sasa hawa watakula nini?" nikamuuliza. Hakubishana nami. Aliendelea na doria yake.

Nililomwambia kuhusu misitu lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: nilichukua kosa la jiji zima nikalifanya kibali cha kosa langu. Anayeuhurumia msitu hupanda mti, hupinga kiwanja cha umma kinyakuliwe, huenda kwenye vikao vya maoni ya wananchi. Mimi sikufanya hata moja. Nilinunua njugu.

Mtoto aliyeng'atwa alikuwa na miaka 6. Mama yake ni jirani yangu, mlango wa tatu, na siku hiyo alikuja kwa sababu nilimsihi aje. Nilikuwa nimesahau kununua njugu. Tulichelewa, nikasema tutapata kitu ndani. Mama yake alikuwa ametandika leso kwenye nyasi na kulala kidogo. Mtoto akasogea kwenye mti anaoujua, akapiga mluzi kama wangu, akanyoosha mkono kama nilivyomfundisha. Niliona yote. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nikitabasamu.

Aliyeteremka alikuwa dume mkubwa mwenye sikio lililochanika. Nilimjua vizuri. Alishika ule mkono mdogo, akaugeuza, akatafuta, hakuona kitu. Akauvuta. Mtoto akaogopa na kuurudisha kwa nguvu, na dume akamng'ata chini ya kidole gumba, akaruka mtini. Meno ya chonge ya kima dume ni marefu. Damu ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani mkono wa mtoto unaweza kutoa.

Mama yake aliamka kwa kilio. "Imekuwaje?" aliniuliza. Nikamwambia, "Alikuwa anamchokoza." Maneno hayo yalitoka upesi mno, na nimejiuliza tangu siku hiyo yalitoka wapi. Yalitoka palepale ilipotoka ile furaha ya benchi. Nilikuwa mama wa kima, mtu anayejua wanyama, na sikuwa tayari kuwa kitu kingine mbele ya watu.

Hospitalini muuguzi alituuliza swali lilelile: mnyama alichokozwa, au aling'ata tu? Sikujua wakati ule kwa nini anauliza. Sasa najua. Mnyama anayeng'ata bila kuchokozwa hushukiwa zaidi kuwa na kichaa, na kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa binadamu, huua karibu kila mtu kinayemshika. Jibu la swali lile linaweza kubadilisha uamuzi wa anayetibu. Mimi nililijibu kwa uongo, nikiwa nimemshika mtoto bega. Namshukuru Mungu kwamba muuguzi yule hakuyategemea maneno yangu: alikiosha kidonda kwa maji na sabuni kwa muda mrefu, akaanza mfululizo wa chanjo siku hiyohiyo. Kama angenisadiki na kumrudisha mtoto nyumbani bila sindano, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mtoto alinitazama niliposema vile. Hakunikanusha. Mtoto wa kwetu hamkanushi mtu mzima mbele ya watu, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nasema.

Uongo wangu haukuishia nyumbani kwao. Vijana waliposikia kwamba kuna kima mkali Arboretum, baadhi walianza kwenda na mawe. Baadaye nilimwona yule dume mwenye sikio lililochanika akitembea kwa miguu mitatu, wa nyuma ameuning'iniza. Nilipopita chini ya mti wake hakukimbia. Aliteremka nusu ya shina, akasubiri njugu.

Baada ya hapo niliikimbia Arboretum. Nikawa naenda Oloolua, kule Karen, kwenye njia inayofuata Mto Mbagathi hadi kwenye maporomoko madogo, pango na kichaka cha mianzi. Nayo ni matembezi mepesi, yenye kivuli karibu mwanzo hadi mwisho. Msitu ule unatunzwa na taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zake, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 huko Tigoni. Nilikwenda kwa aibu tu, lakini nikawa nauliza maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya njugu ya kwanza, na nikawa nasoma jioni.

Nilijifunza kwamba kundi la kima kwa kawaida lina dume mmoja mkubwa, majike na watoto wao. Madume wakikomaa huondoka kutafuta kwingine. Majike hubaki kwenye kundi walimozaliwa maisha yao yote, na watoto wanajifunza kula kwa kumtazama mama. Yule jike wa kwanza, aliyekula kiganjani mwangu akiwa na mtoto tumboni, hakuwa anajifunza peke yake. Nilichomfundisha kinabaki pale, kwa binti zake na kwa watoto wa binti zake. Mimi naweza kuacha kununua njugu leo. Siwezi kurudi kwa vizazi hivyo na kuwafuta somo.

Nilijifunza kwamba chakula cha msituni kimetawanyika, huku tunda, kule chipukizi, kwa hiyo wanyama nao hutawanyika wakila na ugomvi hupungua. Njugu zikimwagwa mahali pamoja huwakusanya wote. Mwenye nguvu hula, mwenye mtoto mgongoni au tumboni husukumwa. Ile michubuko niliyokuwa naiona usoni mwa majike nilidhani ni ya michezo. Nilijifunza kwamba magonjwa yetu, surua na kifua kikuu yakiwamo, huweza kuwaingia wao, na yao kutuingia sisi, na kwamba mkono unaolisha ni mlango wa pande zote mbili. Kima anayeshinda kando ya njia akingoja watu haendi kwenye mugumo, na mbegu ambazo angezibeba tumboni na kuziangusha mbali hazifiki popote. Msitu nilioulilia mbele ya askari, niliupunguzia wapanzi wake.

Jambo lililoniumiza zaidi linahusu tumbili. Huko Amboseli, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, kwamba tumbili wana miito tofauti kwa hatari tofauti. Wakisikia mwito wa chui hukimbilia mtini. Wakisikia wa tai hutazama juu au kujitupa kichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia nyasini. Vizazi na vizazi vimeishi kwa sababu kila mmoja alijua cha kuogopa na wakati wa kukiogopa. Woga ndio ulinzi wao. Mimi nilijivunia kwamba wanyama wangu hawaniogopi, na sikuona kwamba ninawavua kitu ambacho hawawezi kuishi bila kuwa nacho. Kima aliyeacha kumwogopa mtu huvuka barabara kumfuata mtu. Huingia jikoni kupitia dirisha, akakutana na mbwa, na waya wa umeme, na mtu mwenye sumu. Mkono wangu ulikuwa mpole, lakini mkono unaofuata si wangu.

Nilipoyajua hayo yote bado sikwenda mlango wa tatu. Nilianza kwa yaliyo rahisi: niliacha njugu, nilimwomba radhi yule askari, nikawaambia vijana wa kanisani kwamba kulisha wanyama ni kosa. Nilisema "ni kosa", kama mtu anayetangaza kanuni. Sikusema "nilikosa". Kidonda cha mtoto kilipona, kovu likabaki, na mama yake akawa anamtajia wenzake kama funzo: mwone huyu, alichokoza mnyama.

Siku niliyokwenda, nilimwomba mama amwite mtoto kwanza, kwa kuwa yeye ndiye niliyemkosea kuliko wote. Nikasema mbele yao: hakumchokoza, alifanya nilivyomfundisha, niliona kwa macho yangu, nikamsingizia. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, mimi nilimchapa kwa ajili hiyo. Na mkono ukiwa na bandeji." Mtoto akamgeukia mama yake, si mimi, akasema, "Nilikuambia."

Alikuwa amemwambia. Usiku uleule wa tukio alimwambia mama yake ukweli wote, na hakuaminiwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema, na neno la mtu mzima lina uzito. Nilikuwa nimedhani kwamba kosa langu kubwa ni kumzoesha kima. Siku hiyo nilielewa kwamba nilimfundisha mtoto jambo baya zaidi: kwamba ukweli wake haufui dafu mbele ya heshima ya mtu kama mimi. Sikuomba nisamehewe. Nilimuuliza mama anataka nifanye nini. Akasema, "Waambie wale uliowaambia." Nimewaambia mmoja mmoja. Waliobaki nawaandikia hapa.

Bado naenda Arboretum, na bado nakwenda na watoto ambao wazazi wao, wakijua yote, wamekubali. Tunakula kabla ya kuingia. Tunaketi mbali na njia kuu asubuhi, kabla pikniki hazijaanza, na hatuiti chochote. Mara ya kwanza watoto walichoka upesi. Sasa wamejua kungoja. Wamewaona majike wakichambuana manyoya, watoto wao wakifukuzana kwenye matawi ya mkaratusi, dume akikohoa na kundi zima likinyamaza kwa sababu ya kivuli cha ndege mkubwa juu. Katika Jumamosi zangu zote za njugu sikuwahi kuyaona hayo, kwa kuwa mbele ya karatasi yangu kima alikuwa na kazi moja tu, kuomba. Nilidhani niliwaona kwa karibu kuliko watu wengine. Sikuwa nimewaona.

Kwa hiyo maneno haya ya mwisho ni yako wewe uliyejifunza kwangu. Mko wengi, nilikuwa na bidii. Kama nilikuonyesha kunyoosha mkono, acha, na umwambie uliyemwonyesha nawe aache. Usipige mluzi. Chakula kikae kwenye mfuko uliofungwa, na maganda urudi nayo nyumbani. Kima akikukaribia, usimkazie macho wala usimwonyeshe meno, hata kwa kutabasamu, kwani kwake huo ni ugomvi. Rudi nyuma taratibu bila kukimbia, ukiwa umemshika mtoto wako. Akikung'ata au akikukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni kidogo, na uende hospitalini siku hiyohiyo. Na pale utakapoulizwa ilivyokuwa, sema ilivyokuwa. Kama uliyenaye ni mtoto, mwache aseme yeye kwanza.